Gari Lililopunguza Mwendo Goyjebel

Tabriz,
Siku za mwisho za mwezi wa Esfandi

Kwa Baba yangu, Iskandar,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ahar, wewe na Mama na wote walio nyumbani. Natumaini goti lako limetulia sasa baridi inapoanza kulegea, na kwamba kikohozi cha Mama hakijarudi. Najua wakati huu ameshalowesha ngano ya mwaka mpya, ya Noruzi, kwenye sinia na anakukemea usiipapase kila unapopita. Mimi mwilini ni mzima. Shule inaendelea. Wanafunzi wangu bado hawajui Bahari ya Kaspi iko upande gani, na mwenye nyumba wangu bado anafunga maji ya moto akidhani sote tumeshalala.

Pengine utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya nyumbani huipokea Mama, nawe huketi karibu yake ukamwambia anisalimie. Jambo nililo nalo safari hii si la kupitia kwa Mama. Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho.

Baba, mimi naendesha baiskeli. Huu ni mwaka wa tatu. Ulinifundisha mwenyewe uani, ukishika kiti nyuma na kuniambia nitazame mbele nisitazame gurudumu, mpaka siku uliyoitundika ile baiskeli ukutani kwenye zizi na kusema sasa nimekua. Sikubishana nawe. Lakini vijana wa klabu yako ya baiskeli walipokuja jioni kusikiliza mafunzo, aliyeleta chai nilikuwa mimi, na sikuwa na haraka ya kuondoka na sinia. Yote uliyowaambia juu ya upepo, gia na kupumua, niliyasikia. Nilipoanza kupata mshahara wangu hapa Tabriz, nilinunua baiskeli kabla sijanunua zulia la chumba.

Tuko wanawake wanne. Mkubwa wetu ni Sanam, fundi wa kutengeneza mazulia mabovu kule sokoni. Ukimpa zulia lililoliwa na nondo, atakurudishia usijue tundu lilikuwa wapi. Ana mume, Habib, na watoto wawili. Wa pili ni Tarlan, muuguzi, mwanamke mkali wa maneno na mwenye moyo laini. Mdogo wetu ni Gulnar, bado yuko chuoni, na hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Wa nne ni mimi.

Tunaendesha zaidi majira ya baridi, nawe huhitaji kuelezwa sababu. Wakati wa joto barabara zina watu na watu wana midomo. Gari linapunguza mwendo, kijana anatoa kichwa dirishani: “Baji, dada yangu, nani anapika nyumbani leo?” Tumeshawahi kusimamishwa na kuambiwa turudi majumbani mwetu kabla mambo hayajaharibika. Lakini kwenye baridi, mtu akivaa suruali nene, koti, kofia na skafu mpaka puani, nani atajua kama ni Sanam au Samad? Wenzetu wanapofungia baiskeli zao stoo, sisi ndipo tunapozitoa.

Ijumaa moja mwezi uliopita tulipanga kupanda Goyjebel kwa barabara ya zamani, ile ambayo malori yameiacha, tufike kwenye gediki, pale juu kabisa barabara inapovuka mlima, kisha tugeuke. Nilikuwa nimeitaka safari hiyo tangu utotoni. Ng'ambo ya gediki ni kwetu, na nilisema moyoni nitasimama pale juu nitazame upande wa Ahar, basi. Sikuwa na nia ya kuteremka hadi kwako.

Tulitoka alfajiri. Mbingu ilikuwa safi na baridi ilikuwa kavu, ile inayofanya theluji ilie chini ya kiatu. Tulikula viazi na mayai ya kuchemsha kwenye mkate wa lavashi kwa muuzaji wa kando ya barabara, naye alimtazama Tarlan sana, kisha akaona ni afadhali ashughulike na viazi vyake. Gulnar alisema kwa sauti nene ya kiume, “Ongeza chumvi, ami,” nusura tuanguke kwa kucheka.

Mwanzo wa mlima ulikuwa mwema. Baada ya hapo upepo ukaamka. Si upepo wa mjini, Baba. Ni ule unaotoka kwenye gediki kama mtu anayekufukuza mlangoni kwake. Tulijipanga mmoja nyuma ya mwingine kama ulivyokuwa ukiwafundisha vijana: wa mbele anaukata upepo, wa nyuma wanajibanza, halafu aliyechoka anarudi mwisho. Sanam alikaa mbele kuliko sisi sote. Kila nilipompigia kelele arudi nyuma apumzike, alijibu kwamba yeye ana watoto wawili na mama mkwe, na hapa mbele ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemwambia kitu.

Theluji ilianza tukiwa tumeshavuka nusu ya mlima. Ilikuja kwa ubavu, chembe ndogo na ngumu, zinachoma kope. Tarlan alishauri tugeuke. Gulnar akasema akigeuka sasa, atarudia safari hii ndotoni mpaka azeeke. Sanam aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mtoto wa upande huo. Nikawaambia ninavyokumbuka gediki haiko mbali. Kweli haikuwa mbali, ila sehemu iliyobaki tuliifanya kwa kusukuma baiskeli huku tumeinama.

Tulifika. Sanam alipiga kibao cha barabara kwa kiganja mara nyingi kama mtu anayebisha hodi, akapiga kelele ambazo upepo ulizichukua zote. Gulnar alilia kwa furaha. Mimi nilitazama upande wa kwetu nisione kitu, weupe mtupu. Hata hivyo nilikuwa na furaha ambayo sijui nikueleze vipi. Labda wewe unaijua.

Kuteremka ndiko kulikotuumiza. Breki ziliingia barafu, na upepo ulikuwa sasa unageuka geuka, mara mgongoni, mara usoni. Tuliamua kutembea. Gulnar akasema mteremko wa hapa si mkali, atapanda kidogo tu, na kabla hatujamkatalia alikwisha panda. Aliteleza kwenye kona, baiskeli ikaenda upande wake naye upande wake, akajigonga kwenye ukingo wa jiwe. Tulipomfikia alikuwa bado anajaribu kufanya mzaha, lakini mguu ulikuwa umepinda kwenye kifundo na glavu zake zilikuwa zimechanika na kujaa maji ya theluji. Simu hazikushika mtandao. Sanam alivua glavu zake akamvisha. Tarlan alipomkemea, alijibu, “Mikono yangu imezoea sindano, baridi itaifanya nini?”

Ndipo likaja gari. Lilikuwa basi dogo lenye baiskeli juu ya paa, zimefungwa kwa kamba na kufunikwa turubai, likiteremka polepole kutoka juu, upande wa Ahar. Nadhani hakuna kitu duniani ambacho kingetufurahisha zaidi ya baiskeli zile juu ya paa. Hao ni watu wanaojua, Gulnar alisema. Alikuwa ameketi kwenye theluji mguu umenyooka mbele, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba ameumia. Tarlan alisimama katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili. Basi likapunguza mwendo. Likapunguza kabisa, hata Tarlan akausogelea mlango na kushika mpini wake. Ndani mlikuwa na watu. Dirisha moja lilikuwa likifutwa ukungu kutoka ndani.

Halafu likaongeza mwendo, mpini ukamtoka Tarlan mkononi, likapita.

Tulisimama. Gulnar akasema wanatafuta mahali palipo sawa pa kuegesha, hapa kwenye kona ni hatari. Maneno yake yalikuwa na akili, kwa hiyo tulingoja. Tulimshika Gulnar kwapani tukamsimamisha ili awe tayari. Tulitazama kona ile ya chini mpaka macho yakajaa theluji. Wa kwanza kusema hawarudi alikuwa Sanam, na hakusema kwa hasira. Alisema tu, “Haya, wasichana, tusukume.”

Tarlan ndiye aliyetukana, tena matusi ambayo sikujua anayajua. Kisha akaniuliza, “Maral, wewe ni wa huko. Gari lile unalijua?” Nikamwambia silijui.

Tulimpandisha Gulnar kwenye baiskeli ya Sanam, Tarlan upande mmoja, mimi upande mwingine, Sanam nyuma akishika kiti na fremu asimwachie ateremke peke yake. Alikuwa amevaa soksi mikononi. Soksi zililowana, zikaganda. Tarlan alitaka wapokezane glavu zake, nami pia nilimwambia, kila mara akajibu kwamba mikono yake ina joto, tusimpotezee muda. Tulimwamini, Baba, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Mtu aliyetuokoa alikuwa mzee mwenye lori la kondoo. Alitukuta chini, mahali ambapo tulikuwa tumeacha hata kuzungumza. Alisimamisha lori bila kupungiwa mkono. Aliteremka, akatutazama mmoja mmoja, akauliza wanaume wetu wako wapi. Tarlan akamjibu kwamba mwanaume hatuna, tuna mgonjwa.

“Hee!” akasema. “Mwaka mzima Mungu hakuwapa siku nyingine ya kutembea? Pandeni, pandeni mbele, mnangoja niwaandikie barua ya mwaliko?”

Akaanza kurusha baiskeli zetu kule nyuma huku akiwaomba radhi kondoo wake. Hakutuuliza lolote zaidi. Alivua koti lake la manyoya akamtupia Sanam, na Tarlan alipofungua nguo zake mwenyewe ili aiweke mikono ya Sanam tumboni kwake, mzee yule aligeuza uso akaendesha akitazama barabara tu, akiimba kwa sauti kubwa ili tujue hasikilizi. Vidole vya Sanam vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Alisema havimuumi. Tarlan aliposikia hivyo, aliikumbatia ile mikono kwa nguvu zaidi, ndipo nilipoelewa kwamba huenda vimekufa.

Mguu wa Gulnar ulifungwa plasta na unapona. Mkono wa kushoto wa Sanam ulirudi, kwa maumivu makali. Wa kulia walingoja siku nyingi, wakasema labda, labda, kisha wakamkata kidole cha shahada na cha kati, na ncha ya kile cha tatu. Wewe umezaliwa kwenye nchi ya mazulia, unajua fundo linafungwa kwa vidole gani. Mwenye duka amekwisha mpa kazi yake mtu mwingine. Alikuja hospitali na boksi la biskuti za lozi, akalia, akaondoka.

Habib, mume wake, nilimwogopa kuliko madaktari. Nilidhani atatupigia kelele. Hakupiga. Aliketi kwenye ukumbi na kofia yake mapajani, akauliza swali moja tu: njia nzima ile, hakuna gari lililopita? Tarlan akamweleza juu ya basi lenye baiskeli. Habib akasema hapana, mtu anayebeba baiskeli hawezi kufanya hivyo, labda hawakuwaona. Kisha akasema, na hili nakuandikia kama lilivyotoka kinywani mwake, “Laiti angepita mzee Iskandar wa Ahar. Yule angesimama hata kwa paka.” Hakujua mimi ni binti ya nani. Kwa wenzangu nilikuwa Maral mwalimu tu.

Baba, umeshaona barua hii inakoelekea.

Basi lile nalijua. Nilipanda ndani yake kwenda harusi ya dada. Nakijua kibonyeo cha ubavuni, pale dereva wako Yadullah alipoligonga kwenye lango letu. Lakini weka basi kando. Dirisha lililofutwa lilikuwa la pili kutoka mbele, na lilifutwa kwa kofia ya kijivu, na nyuma ya kofia ulikuwa wewe. Kando yako alikaa yule tajiri wa Tehran ambaye Mama alikwisha niambia kwa simu kwamba anakuja kuwajengea ukumbi wa klabu, na kwamba ni mtu wa dini sana na mtamtembeza mlimani aone vijana wakifanya mazoezi. Bila shaka upepo uliwashinda mkazipakia baiskeli. Hayo naweza kuyaelewa.

Ungeweza kusema hukunijua, kwa kuwa nilikuwa nimefunika uso. Ndiyo sababu nilishusha skafu. Nilisimama hatua chache kutoka kwenye kioo nikashusha skafu mpaka kidevuni ili unione, nikakuita. Najua sauti haikufika. Lakini midomo uliiona ikikuita, kwa sababu uliacha kufuta. Tulitazamana. Nilianza hata kutabasamu, Baba, nikijua sasa tumepona. Ukamgeukia mgeni wako, ukasema neno, na mkono wako ukanyanyuka ukavuta pazia.

Ni hayo. Niliposema mbele ya wenzangu kwamba silijui gari lile, nilikuwa nakusitiri wewe, na niliendelea kukusitiri wakati Sanam anasukuma kwa soksi. Kila hatua nilijiambia labda goti lako, labda mgeni, labda Yadullah ndiye aliyekanyaga mafuta bila amri.

Wiki iliyopita Yadullah alinifikishia mfuko kutoka kwako. Juu mlikuwa na kokwa za jozi na aprikoti kavu za Mama. Chini kabisa, zimefungwa kwenye gazeti, glavu mpya za ngozi zenye manyoya ndani, saizi yangu. Hakukuwa na neno lolote. Nilimuuliza Yadullah nani amezinunua. Akatazama viatu vyake akasema ni mzee mwenyewe, alitafuta duka zima. Mpaka siku hiyo nilikuwa bado nimekuachia nafasi ndogo ya kwamba labda hukuniona. Glavu zile zimeiziba. Ninazirudisha kupitia kwa Yadullah pamoja na barua hii.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Sanam nikamwambia kila kitu: wewe ni nani, mimi ni nani, na pazia. Nilimwambia mbele ya Habib, kwa kuwa aliuliza na hakupata jibu. Habib alisimama akatoka nje bila viatu. Sanam aliuinua mkono wake uliofungwa bandeji akauweka juu ya mto. Kisha akaniuliza, “Alikutambua?”

Nikamjibu ndiyo, alinitambua.

Nilitegemea anifukuze. Badala yake alinivuta kichwa kwa mkono wake mzima akakiweka begani kwake, kama anavyomfanyia mwanawe. “Pole, baji,” akaniambia. “Mimi nimepoteza vidole tu.”

Sikuombi uende kwake. Ukienda utakwenda kwa ajili yako, na nadhani Habib hatakufungulia. Ukumbi wenu nimesikia msingi umekwisha chimbwa. Uwe na heri.

Msalimie Mama sana, na dada na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Mwambie Mama Noruzi hii sitakuja. Akikuuliza sababu, mweleze wewe, kwa maneno utakayoyachagua mwenyewe.

Ijumaa mimi na Tarlan tunatoka tena. Theluji ya barabarani imeyeyuka na jua limekuwa kali, kwa hiyo tutakwenda nyuso wazi, na wanaotaka kusema watasema. Sanam amesema atatusindikiza hadi mwisho wa mtaa, kwa miguu. Ukitukuta njiani, Baba, usijisumbue kusimama. Pita tu.

Ni mimi, binti yako,
Maral